Picha Haiongei: Tuandike Nini Chini ya Bidhaa Zetu?



Juma hili tunajibu swali lililoletwa na vikundi vitatu, ingawa havikuambiana. Wanasema hivi: "Tumenunua mega, tumepiga picha za bidhaa zetu, tumezibandika kwenye WhatsApp na Facebook. Watu wanaangalia, lakini hawanunui. Tufanye nini?"

Tuliomba watuonyeshe walichobandika. Picha nyingi zilikuwa nzuri: beseni la ndagala, bidoni za mawese, vitenge vimekunjwa vikapangwa, sabuni za kikundi zimekatwa sawasawa. Tatizo lilikuwa chini ya picha. Moja iliandikwa "Iko." Nyingine, "Mzigo umefika, karibuni." Nyingine haikuwa na neno hata moja, mioyo mekundu tu mitatu.

Hebu tukumbuke soko la Mulongwe. Hakuna mama anayeuza hivyo pale. Mteja akikaribia beseni, mama anaanza: "Karibu mama, hizi ni mpya, zimekauka vizuri, onja, hazina mchanga. Ukichukua makopo mawili nakuongezea." Mteja anashika, ananusa, anavunja moja katikati, anatia mdomoni. Anauliza bei, anapunguza, wanaelewana. Kwenye simu mteja hawezi kushika, kunusa wala kuonja. Amebaki na macho yake na maneno yako. Ukimpa picha bila maneno, ni sawa na kupanga bidhaa sokoni halafu ukarudi zako nyumbani.

Tunajua wapo wanaosema, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza," na kwamba kuandika sana ni dalili ya bidhaa mbaya. Methali hiyo tunaiheshimu. Lakini ilisemwa mahali ambapo mtu anaona bidhaa mbele yake. Kwenye simu, chema na kibaya vina sura moja. Ndagala zenye mchanga na zisizo na mchanga ni mapacha katika picha. Mawese safi na yaliyochanganywa yote yanang'aa. Kwa hiyo chema kinahitaji shahidi, na shahidi ni wewe mwenye kuandika.

Maneno yameuza tangu zamani

Jambo hili halikuja na simu. Mjini Mombasa, tangu mwaka 1887, kuna duka la Kaderdina Hajee Essak, ambaye watu walimjua kwa jina la Abdulla. Kanga zake bado zinajulikana kwa maneno "Mali ya Abdulla." Tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, kanga za pwani zilianza kuandikwa maneno ya Kiswahili chini ya picha ya katikati, kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa herufi hizi tunazotumia. Mama wa Mombasa au Unguja akiingia dukani haangalii rangi peke yake. Anasoma. Anatafuta yale yanayosema lililo moyoni mwake, la kumwambia mume, jirani, shoga au mama mkwe. Vitambaa viwili vyenye rangi ileile, kimoja kinanunuliwa na kingine kinabaki, kwa sababu ya maneno.

Huku kwetu tunavaa zaidi kitenge, na kitenge mara nyingi hakiandikwi. Lakini nacho kina jina. Wamama wafanyabiashara wa Lomé, kule Togo, wale walioitwa Nana Benz kwa sababu ya magari yao ya Mercedes, walikuwa wakiuza vitenge vilivyotoka kiwanda cha Vlisco cha Uholanzi. Kiwandani kitambaa kilikuwa na namba tu. Wamama ndio waliokipa jina: hiki "Mume wangu anaweza," kile "Ukitoka na mimi natoka." Jina lilipoenea, mteja alikuja akiuliza kitambaa kwa jina lake. Neno lilikuwa limeshafanya nusu ya kazi kabla mama hajafungua mdomo.

Maswali sita ya mteja

Tulikaa na wamama wa vikundi vile vitatu tukaandika maswali yote ambayo wateja wao huwauliza kila siku. Yalikuwa mengi, lakini tukiyachuja yanabaki sita. Ni nini hasa? Ni kipimo gani? Ni bei gani? Uko wapi? Kitanifikiaje, na lini? Nalipaje?

Mteja akikosa majibu haya lazima aulize. Kila swali linakula mega zake na mega zako, na muda wa wote wawili. Ukimjibu baada ya saa tatu kwa sababu ulikuwa shambani au umeme ulikatika, yeye ameshanunua kwingine. Andika majibu yote sita kabla hujaulizwa. Huu hapa mfano. Bei tulizotia ni za mfano tu, msije mkatudai:

"Ndagala kavu za Kalundu. Zilivuliwa usiku wa Jumatatu, zikaanikwa Jumanne juu ya kichanja, hazikugusa mchanga. Kopo la Guigoz lililojaa: franga 10.000. Makopo matano: franga 47.000. Bei hii ni mpaka Jumamosi jioni. Tuko soko la Mulongwe kila siku, saa mbili asubuhi hadi saa kumi. Ndani ya Uvira motari anakuletea, nauli ni juu yako. Malipo ni mkononi, M-Pesa au Airtel Money. Tuandikie au tupigie kwa namba hii."

Maneno hayo hayafiki mia moja. Yanaenea hata kwenye statuti ya WhatsApp, ile inayokaa saa 24 kisha inafutika. Angalieni pia kwamba hakuna neno "nzuri sana" wala "bora kuliko zote." Kila mtu anaandika "bora," kwa hiyo neno hilo halimwambii mteja kitu. Lakini "zilianikwa juu ya kichanja, hazikugusa mchanga" linamwambia jambo analolijua kwa meno yake. Mama yeyote wa ziwa hili ameshatafuna mchanga ndani ya sahani ya ndagala mbele ya wageni.

Ukweli unauza, hata kwa mali ya chini

Sasa tufike penye uzito. Kuna kikundi kimoja, hatutakitaja, kilichokopa pesa za AVEC kikanunua ndagala. Sehemu kubwa ilianikwa juu ya vichanja, sehemu nyingine ilikosa nafasi ikaanikwa chini, ufukoni. Kisha yote ikachanganywa. Kwenye simu wakaandika "safi kabisa, hazina mchanga." Mteja wa Bujumbura akanunua mzigo mzima. Siku tatu baadaye alibandika picha ya sahani yake na mchanga umebaki chini, tena katika grupu lenye wateja wengine wa kikundi hicho. Wateja walinyamaza. Hakuna aliyetukana, lakini hakuna aliyeagiza. Na deni la AVEC halingojei. Pesa zile zilikuwa za wamama ishirini na watano, na wengine kati yao walikuwa wanazitegemea kulipa minervali ya watoto wa sekondari.

Tunaandika habari hii kwa ruhusa yao, maana walichofanya baadaye kinafaa kutufundisha wote. Kwanza walimrudishia mteja sehemu ya pesa yake, na wakaandika hivyo katika grupu lilelile. Halafu waligawa mali iliyobaki mafungu mawili. Fungu la kwanza waliandika: "Za kichanja, hazina mchanga." Fungu la pili waliandika: "Hizi zilikauka ufukoni, zina mchanga kidogo. Zioshe mara tatu kwa maji ya vuguvugu kabla ya kupika. Bei ni ya chini."

Na lile fungu la pili ndilo lililokwisha kwanza! Mama wenye mikahawa midogo na wenye familia kubwa walilitaka kwa sababu ya bei, na walijua wanachonunua. Mali ile ya ufukoni ilikuwa na wateja wake tangu mwanzo. Uongo ndio uliokuwa umewaficha.

Kwa hiyo, wamama, tunapoandika tusijiulize tu "Niseme nini ili anunue?" Tujiulize pia "Akifungua mfuko nyumbani kwake, atakuta nilichosema?" Sokoni maneno yanapita na upepo. Kwenye simu yanabaki, na mtu anaweza kuyarudisha mbele ya watu baada ya miezi sita. Nchi yetu pia tangu tarehe 13 Machi 2023 ina sheria inayoitwa Code du numérique. Inagusa biashara ya mtandaoni na inatambua maandishi ya kielektroniki. Ulichoandika ni ahadi.

Kuhusu bei: iandikwe au ifichwe?

Hapa wanachama wetu hawakukubaliana, na mabishano yalikuwa makali. Wengine wanaandika "Bei njoo inboksi." Sababu zao si za kipuuzi. Wanasema jirani akiona bei yako anashusha yake. Wanasema bei inabadilika kila siku kwa sababu tunanunua kwa dola, tunauza kwa franga za Kongo, na wengine wanapokea franga za Burundi. Na wanasema mteja wetu amezoea kupunguziwa, ukiandika bei umejifunga.

Sisi tunaona iandikwe. Jirani anayetaka kujua bei yako ataijua tu, hata kwa kumtuma mtoto. Mteja ndiye anayekosa. Mama mwenye pesa kidogo anaogopa kuuliza bei, anaona haya kusema "sina" baada ya kuambiwa, kwa hiyo anapita kimya. Huyo umempoteza bila kujua kwamba alikuwepo. Kuhusu kubadilika kwa bei, andika tarehe ya mwisho: "Bei hii ni mpaka Jumamosi." Na kupunguza si lazima kufe. Andika utakachopunguza na kwa nani: "Ukichukua matano tunapunguza." Hapo mteja anapata raha yake ya kupunguziwa na wewe unauza zaidi.

Si kila siku "nauza, nauza"

Mama anayebandika matangazo kila siku, asubuhi na jioni, watu humzima. Wanaficha statuti zake kwa kidole kimoja. Lakini mama anayefundisha jambo watu humsubiri. Tunashauri hivi: katika siku sita za juma, siku mbili uza, siku nne zungumza na wateja wako kuhusu kile unachokijua. Na wamama wa ziwa hili tunajua mengi kuliko tunavyodhani.

Muuza ndagala anaweza kuandika kwa nini bei hupanda wakati wa mbalamwezi: wavuvi huvua usiku kwa taa, na mwezi ukijaa, taa zao hazivuti samaki vizuri, kwa hiyo boti nyingi hazitoki. Mteja akijua hilo hatasema umemwibia. Atanunua kabla mwezi haujajaa. Vivyo hivyo kuhusu ile miezi mitatu, 15 Mei hadi 15 Agosti, ambayo nchi nne za ziwa letu, yaani Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia, zilikubaliana kufunga uvuvi ili samaki wazaliane. Mama mwerevu anaandika mwezi wa nne: "Kufunga kunakuja, kausha na uweke akiba. Tunapokea oda kuanzia leo."

Mwenye wateja wa Bukavu anaweza kuwasimulia kwamba sambaza wanazokula kule zina asili ya huku. Samaki hao wadogo walipelekwa ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Nani hatatabasamu akisoma hivyo? Na akitabasamu atakumbuka jina lako.

Muuza mawese aandike namna ya kuyatunza yasichache. Fundi wa kushona aandike kitenge cha yadi sita kinatoa nini kwa mama mnene na nini kwa mama mwembamba. Muuza sombe aandike namna bibi zetu walivyoipika. Maandishi haya hayaombi pesa, lakini yanamfanya mteja akujue. Na watu hupenda kununua kwa mtu wanayemjua.

Kwa lugha gani?

Wengine wanaona haya kuandika Kiswahili, wanadhani Kifaransa kinaonyesha usomi. Andika kwa lugha ambayo mteja wako anapigia hesabu. Kiswahili chako kinasomwa Uvira, Fizi na Kalemie, kinavuka mpaka hadi Buyenzi kule Bujumbura, na kinafika Kigoma bila tafsiri. Ukiwa na wateja wa ofisini wanaopenda Kifaransa, weka mistari miwili ya Kifaransa chini. Lakini usiandike Kifaransa ambacho wewe mwenyewe huwezi kujibu swali lake.

Andika maneno kamili pia. Vifupi vya vijana vinachosha macho ya mama mzima, na yeye ndiye mwenye pesa ya chakula cha nyumbani.

Na mama asiyejua kusoma?

Swali hili lililetwa na kikundi cha Kavimvira, na tunalishukuru. Katika vikundi vyetu wapo wamama wanaojua biashara kuliko sisi wote lakini kalamu hawakuipata utotoni. Wasiachwe nyuma. Njia tunayoona inafaa ni hii: mama asiyeandika aseme, na anayeandika asikilize. Mwambie auze mbele yako kama yuko sokoni, wewe andika vilevile anavyosema, kisha umsomee. Mara nyingi maandishi mazuri kabisa hutoka hapo, kwa sababu yana sauti ya mtu. Kama binti yake yuko sekondari, hiyo ni kazi nzuri ya kufanya pamoja na mama jioni, na binti atajifunza hesabu ya nyumbani.

Kumbuka pia kuwa wateja wengine hawasomi. Kwa hao, tuma ujumbe wa sauti wenye majibu yaleyale sita. Andika kwanza, halafu soma huku ukijirekodi, ili usisahau bei katikati.

Vyombo vilivyo mkononi

WhatsApp Business ni programu ya bure, ilitoka mwaka 2018. Ndani yake unaweza kupanga bidhaa zako na bei kama kwenye meza, na kuandika jibu linalojituma lenyewe ukiwa haupo. Andika ndani ya jibu hilo saa zako za kazi. Ukitaka kutuma ujumbe mmoja kwa watu wengi, kuna orodha ya kutangazia ya hadi watu 256. Lakini jueni siri yake: ujumbe humfikia tu yule aliyehifadhi namba yako katika simu yake. Kwa hiyo kila unapouza, mwambie mteja, "Mama, hifadhi namba yangu na jina la kikundi." Na usimtumie asiyekubali. Kumwingiza mtu katika grupu bila kumuuliza ni kama kuingia nyumbani kwake bila hodi.

Tahadhari kwa ajili ya nyumba zetu

Usiandike unapokaa. Andika mahali pa biashara. Usionyeshe pesa ulizouza, wala usitangaze kwamba kesho unasafiri na mtaji. Picha za watoto zisitumike kuvuta wateja. Mtoto hajakubali, na picha ikitoka hairudi.

Mtu akikutumia ujumbe kwamba amekulipa, usitoe bidhaa kwa kuamini ujumbe. Angalia salio lako mwenyewe kwanza, kwa sababu wapo wanaotunga ujumbe wa uongo. Mtu akikuomba zile namba sita zilizoingia kwenye simu yako, usimpe, hata akijiita nani. Ukimpa, kesho yeye ndiye anayeandika kwa jina lako kwa wateja wako.

Wengine wametuuliza kama mume anaweza kukataza. Mambo ya nyumba yazungumzwe kwa utulivu, na mume anayeona maandishi ya heshima mara nyingi huwa wa kwanza kuyasambaza. Lakini kila mama ajue: sheria ya tarehe 15 Julai 2016 ilibadilisha Kodi ya Familia ya mwaka 1987, ikaondoa ile ruhusa ya mume ambayo mwanamke aliyeolewa alipaswa kuwa nayo kabla ya kufunga mkataba. Biashara yako ni halali.

Mwisho wa tahadhari ni huu. Simu hufa, na mtandao hukatwa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2018, intaneti ilikatwa nchini mwetu tangu tarehe 31 Desemba kwa karibu majuma matatu. Mwaka 2020 mpaka wetu na Burundi ulifungwa kwa sababu ya Korona. Aliyekuwa na wateja ndani ya simu peke yake alikaa kimya. Aliyekuwa na kaye yenye majina, namba na madeni aliendelea kupiga simu na kuuza. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kila Jumamosi, nakili wateja wapya kwa stilo.

Kazi ya juma hili

Kila kikundi kichague bidhaa moja tu. Mama mmoja auze kwa mdomo, wa pili aandike, wa tatu awe mteja mgumu anayetafuta swali lisilojibiwa. Mkimaliza, pitieni yale maswali sita mkihesabu kwa vidole. Halafu mfute kila neno la sifa ambalo hamwezi kulionyesha kwa mkono, na mbandike yanayobaki. Andikeni katika kaye wangapi waliuliza, wangapi walinunua, na waliuliza nini. Swali likirudi mara tatu, jibu lake liingie katika maandishi ya juma linalofuata.

Mtuletee maandishi yenu kwenye mkutano. Tutayasoma pamoja kwa sauti, na yale yatakayokubaliwa na wengi tutayachapa hapa ili vikundi vingine viyaige. Juma lijalo tutazungumza juu ya mteja anayekopa na namna ya kumwandikia kumkumbusha deni bila kuvunja ujirani. Wenye visa vya namna hiyo walete mapema.